Salamu Nilizozikata

Ninaandika haya kwa yeyote atakayekaa kwenye meza yangu, ile ya pembeni, karibu na mashine ya kahawa inayonguruma hata ikiwa imezimwa. Nimeikalia kwa miaka mitatu na kitu. Anti Rose, mdogo wa mama yangu ninayeishi kwake huku ughaibuni, Apple Valley, anasema mtu wa miaka ishirini na sita hastaafu, huacha kazi tu, na kwamba kustaafu kuna keki. Ijumaa nililetewa keki. Kwa hiyo nimestaafu.

Vyeo sitavigusa, ofisini kulikuwa na cheo kimoja na kilikuwa cha Dale. Nitaeleza kazi yenyewe, vifaa vyake na watu walionifundisha, halafu nitaeleza kipindi kimoja cha anime, zile katuni za Kijapani, nilichokiharibu. Nimejaribu mara nne kuanza na hicho kipindi, na kila mara nimejikuta nikieleza hedifoni. Basi nianze na hedifoni.

Siku yangu ya kwanza nilifika Saint Louis Park dakika arobaini kabla ya wakati, nikakaa ndani ya gari nikiwaza kama kuwahi kiasi hicho ni adabu au ni usumbufu. Ilikuwa Januari. Nilizima injini ili nisionekane kama mtu anayengoja. Baada ya muda vioo viliganda kwa ndani, kwa pumzi yangu mwenyewe, na mtu mrefu aliyevaa sweta akaja kugonga dirisha.

"Wewe ndiye Mwende?"

"Ndiyo. Samahani. Nimewahi."

"Ndani kuna joto," alisema. "Lipo hata usipoingia."

Huyo ndiye Dale, mwenye kampuni. Ni mzaliwa wa hapa hapa, maana yake hawezi kukuambia kwamba kazi yako ni mbaya. Akisema, "Hiyo ni njia tofauti," rudi ukaifanye upya. Akisema, "Hiyo ni njia tofauti kabisa," sahau chakula cha mchana.

Kazi yetu ilikuwa kutia sauti ya Kiswahili kwenye filamu na katuni za kuonyeshwa makanisani na maktaba, kwa ajili ya familia zilizoletwa hapa kutoka mashariki ya Kongo. Wazee hawataki kusoma maandishi yanayokimbia chini ya picha, na watoto wanakisikia Kiswahili kidogo kidogo lakini hawakisomi. Kwa hiyo tulitumia sauti moja: mtu mmoja anasema maneno ya wote, wanaume kwa wanawake, kama wale jamaa wa kwetu wanaotafsiri sinema za karate kwenye vibanda vya video. Yeye anatafsiri na kusoma. Mimi nilichukua sauti yake, nikaipanga juu ya picha, na ilipozidi nikaikata.

Hedifoni mtazikuta kwenye droo. Zina utepe mweusi kwenye sikio la kushoto. Msiubandue, ndio unaozishikilia. Chumba cha kurekodia kilikuwa kabati la makoti, na blanketi zilizopigiliwa ukutani ni za nyumbani kwa Dale, kwa hiyo msishangae zikinuka mbwa. Kwenye programu ya sauti kuna alama ya wembe. Unabofya, na nusu sekunde ya mtu inatoka. Haitoi mlio wowote. Siku ya kwanza Dale alinifundisha mambo mawili. La kwanza, usikate katikati ya pumzi, maana msikilizaji hatajua ulichofanya lakini atahisi kukosa hewa. La pili, hifadhi kila rekodi ikiwa nzima, kwenye diski ya kando.

"Utamhitaji yule mtu mzima," alisema, "baada ya kumkata vipande."

Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari na kuipigia mstari. Mimi ni mtu wa kupigia mistari.

Wiki ya pili akaja Maman Sifa. Alikuwa mama wa watoto wanne kutoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyekaa miaka mingi kambini Tanzania kabla ya kuletwa huku. Asubuhi alifua nguo katika nyumba ya kutunzia wazee. Jumapili alisimama kando ya mchungaji kanisani kwao Blaine, akitafsiri Kiswahili kwa Kiingereza ili watoto wasikie, na Kiingereza kwa Kiswahili pale alipokuja mgeni. Siku nyingine aliwasindikiza watu kwa daktari na maofisini. Hakuna aliyemwajiri kwa hayo. Walimpigia simu tu: Maman, kesho nina miadi, Maman, nimepata barua siielewi. Naye alikwenda.

"Mama yako hajambo?" aliniuliza siku ile kabla hajavua koti.

"Hajambo."

"Na baba?"

"Hajambo."

"Na huyu anti unaishi kwake, amelala salama?"

Nilitazama saa. Aliniona.

"Wee Mkenya," alisema, "ile saa haiendi popote. Imepigiliwa."

Alimsalimia Dale vivyo hivyo, na mtu wa kufagia, na binti wa ofisi ya jirani aliyekuja tu kuazima stepla. Tulianza kurekodi tumechelewa. Baada ya mwezi Dale alikubali yaishe, akatenga muda kwenye kalenda ya ofisi na kuuandika kwa Kiswahili: SALAMU.

Kwake nilijifunza kazi. Alinifundisha kwamba mtu mwenye hasira kwenye picha hapaswi kupigiwa kelele na msimulizi, kwa sababu tayari tunamwona. Alinifundisha kucheka kidogo tu, kicheko cha msimulizi ambacho hakimnyang'anyi mtazamaji cha kwake. Mara moja tulibishana dakika nyingi kuhusu nyumbu wa kuvuta mkokoteni. Dale alisema mlio wa mnyama hautafsiriwi.

"Huyu nyumbu ana huzuni," alisema Maman Sifa. "Wazungu hawasikii?"

Akalia kama nyumbu mwenye huzuni. Dale alivua hedifoni, akasema tuuache.

Nyumbu huyo alitoka kwenye ule mfululizo wa anime tulioupata mwaka wangu wa tatu. Ni hadithi ya mchuuzi kijana anayezunguka nchi za baridi na mkokoteni wake. Anasafiri na mwanamke mwenye manyoya ya korongo mabegani, ambaye kumbe ni mzimu wa kisima cha chumvi na ameishi miaka mia sita. Hawapigani na mtu. Wanaongea. Wanaongea barabarani, wanaongea kwenye nyumba za wageni, wanataniana, wanapatana bei. Anti Rose aliangalia kipindi kimoja nami, akaniuliza vita vinaanza saa ngapi. Maman Sifa aliupenda kuliko kitu chochote tulichowahi kufanya.

"Baba mkwe wangu njo alikuwa hivi," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, ambacho husema njo pa ndiyo na kuchanganya Kifaransa. "Mzee Asukulu. Alibeba chumvi na dagaa kutoka Baraka kupanda milimani, siku nne, siku tano. Hakuna hoteli kule. Unalala kwa watu. Kama hujui kuongea na watu, unalala nje na simba."

"Kulikuwa na simba?"

"Donc, sijui kama walikuwa. Yeye hakulala nje."

Kipindi cha nne ndicho chenyewe. Mchuuzi na mwenzake wanafika mji wa milimani siku chache kabla theluji haijafunga njia. Chumvi yote ya mji iko kwenye ghala la mjane mmoja ambaye mumewe amezikwa juzi. Wachuuzi wengine wameshafika kwake na amewafukuza. Huyu wetu anaingia, anainama, anakaa naye. Baada ya pole anauliza chumvi mara moja tu, kisha karibu nusu ya kipindi haitaji tena. Wanazungumza juu ya marehemu, juu ya paa linalovuja, juu ya nyumbu. Mwishoni mjane mwenyewe anainuka na kufungua ghala. Hadithi yote ndiyo hiyo. Hakuna kingine kinachotokea.

Shida yangu ilikuwa mlangoni. Katika Kijapani, rambirambi ya mchuuzi ni kuinama sana na maneno machache. Maman Sifa alimpa za kwetu: jambo mama, pole sana na msiba, tumesikia tukiwa njiani, hatukuweza kupita mlango wako, Mungu akutie nguvu wewe na watoto. Mtu akainama, akainuka, akaanza kuongea mengine, na Maman bado yuko kwenye "wewe na watoto".

"Maman, mdomo wake umeshafunga," nilimwambia.

"Ameinama. Mtu akiinama unaona mdomo wake?"

"Lakini akiinuka anasema jambo jingine."

"Basi hilo jingine lingoje."

"Dale atasema sauti imepita picha."

"Alors, mtu aingie kwenye kilio aulize chumvi?" Alivua hedifoni. "Udongo wa kaburi bado mbichi. Mwende, ukikata pole, yule mama anafungua ghala kwa sababu gani? Kwa sababu kijana ana uso mzuri?"

Alikuwa amesema kweli, na nilijua amesema kweli.

"Sitakata," nilisema. "Nitatafuta namna."

"Umesema?"

"Nimesema."

Namna ilikuwepo. Kuna picha ndefu za theluji na mapaa baada ya mlango kufunguliwa, na sauti yake ingeweza kuendelea juu yake. Ingebidi nipange upya karibu nusu ya kipindi, na ningehitaji siku moja zaidi. Kuipata ilikuwa ni kutembea hatua kumi hadi kwa Dale na kuomba. Nilikaa kwenye kiti nikifikiria jinsi ya kuomba. Niliwaza atasema ni njia tofauti. Niliwaza ataona kwamba baada ya miaka mitatu bado siwezi kupanga muda. Niliandika ombi kwenye karatasi, nikalisoma, nikaona linasikika kama lawama kwa Maman Sifa, nikalichana. Kufika saa tisa alasiri ya Alhamisi, na kazi inatakiwa Ijumaa asubuhi, nilichukua wembe.

Nilianza na habari za safari kwenye nyumba ya wageni. Ilitoka vizuri sana. Mdomo na sauti vikakaa pamoja kama pete na kidole. Nikatoa hujambo ya mlinzi wa daraja. Nikatoa samahani moja, na mama moja, na mwanangu mbili. Kila moja peke yake haikuwa kitu. Nilipofika kwa mjane mkono ulikuwa umeshazoea. Sikukata katikati ya pumzi hata mara moja. Sikumpigia Maman simu.

Dale alikitazama kipindi asubuhi, mikono mfukoni.

"Kimekaa safi sana," alisema.

Hajui Kiswahili, alikuwa anaangalia midomo. Katika miaka mitatu hakuwahi kuniambia hivyo. Niliendesha gari hadi Apple Valley nikiimba.

Jumamosi ya wiki iliyofuata kikaonyeshwa kanisani Blaine, baada ya chakula cha mchana. Maman Sifa alikuwa amealika kila mtu. Alinishika mkono mlangoni, akanitambulisha kwa watu kama binti yake wa kazini. Mbele kabisa, katika suti ya kahawia, alikaa Mzee Asukulu, baba mkwe wake, ambaye mkewe alizikwa Oktoba. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimemtumia Maman meseji ya pole, na nilikuwa nimeirekebisha mara kadhaa ili isiwe fupi mno.

Watu walimpenda nyumbu. Watoto walimwiga hadi wakanyamazishwa. Kisha mlango wa mjane ukafunguka, mshumaa ukaonekana, mchuuzi akainama, na sauti ya Maman Sifa ikasema ukumbini kote:

"Chumvi iko ngapi?"

"Yesu," alisema mama mmoja.

"Hata pole?" akauliza mwingine. "Anaingia kwenye kilio bila hata pole?"

Kwenye picha mwenzake mwenye manyoya alijibu, kwa sauti ile ile, "Tunachukua yote." Watoto nyuma wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mzee Asukulu akainuka. Hakupaza sauti. Alimwambia mkwewe, "Maman, ulituita kusikia hii?" Kisha akatoka, na wazee wengine wawili wakamfuata, mmoja akimshika kiwiko.

Maman Sifa hakumtazama. Aligeuka kwenye kiti chake na kunitafuta kwa macho kati ya viti vya nyuma. Niliinama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa viatu vya theluji, vya kuvuta, havina kamba.

Jumatatu Dale alipokea barua kutoka kanisani. Hawakutaka vipindi vilivyobaki.

"Ni tafsiri?" aliniuliza.

"Nitaangalia," nilisema.

Hakuna cha kuangalia. Niliandika ripoti ya ukurasa mmoja. Ninainakili hapa sentensi yake moja ili mjue mtu anaweza kushuka hadi wapi akiwa na elimu: "Imebainika kwamba baadhi ya vipengele vya utamaduni havikufikishwa ipasavyo kwa hadhira." Dale aliisoma, akashusha pumzi, akasema kumbe Sifa ana njia tofauti kabisa. Wiki hiyo akatafuta msomaji mwingine. Nilisaidia kupanga usaili.

Maman Sifa alinitumia ujumbe wa sauti. Mwanzoni aliuliza habari za mama, baba na anti, kwa utaratibu ule ule. Kisha akasema, "Mwende, mwanangu, nasikia mambo ni mabaya. Wewe uko na rekodi yangu yote, nzima. Waambie." Basi. Niliusikiliza garini, ofisini, jikoni. Niliandika majibu kwenye simu na kuyafuta: hili lilikuwa fupi kama mtu asiyejali, lile lilikuwa refu kama mtu anayejitetea. Siku ya tisa nikamtumia alama ya viganja viwili vilivyounganishwa. Hadi leo sijui nilikuwa naomba au nashukuru.

Desemba ikaisha hivyo. Anti Rose alitoka shifti asubuhi moja ya Januari akanikuta mezani jikoni na karatasi.

"Unaandika nini siku zote hizi?"

"Barua ya kuomba msamaha."

"Kurasa ngapi?"

"Tano."

Akavua viatu vyake vya kazi, akaketi. Nilimweleza yote, na nilipofika kwenye kasi ya midomo ya Kijapani alinyoosha kiganja.

"Wee Mwende. Msamaha wa kurasa tano si msamaha, ni utetezi. Ufunguo wa gari uko pale."

Nilianza na Dale, kwa sababu alikuwa rahisi. Alinisikiliza, akachomeka ile diski ya kando, akasikiliza rekodi nzima ya mlangoni kwa mjane, ingawa hakuelewa hata neno moja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Anapumzika mahali pazuri," alisema. Kisha, "Ungeniomba siku moja, ningekupa."

Nilimwambia naacha kazi. Alisema nimalize mwezi. Alimpigia Maman Sifa simu hapo hapo, akamwomba radhi na kumwomba arudi. Maman alimshukuru, akamwambia hapana. Dale alinitazama wakati akisikiliza hiyo hapana, na bado hakunilaumu, jambo ambalo sikulipenda.

Jumamosi nikaendesha hadi Blaine. Maman Sifa alifungua mlango wa fleti akiwa na shuka mikononi, akanipa upande mmoja, tukalikunja pamoja. Salamu ilikuwa fupi: karibu, kaa.

"Unamjua Mama Nyota," alisema. "Miaka mitatu namsindikiza kwa daktari. Jumatano amekwenda na binti yake. Miaka kumi na mmoja. Yule mtoto njo anamwambia mama yake mambo ya tumbo la uzazi. Nimemuuliza Mama Nyota kwa nini. Akasema, 'Maman, pardon, lakini tumesikia unavyotafsiri. Wewe unaacha maneno.'"

Shuka lilikuwa limekwisha kunjwa. Niliendelea kulishika.

"Kanisani wamenipumzisha," aliendelea. "Wamesema hivyo, nipumzike. Kuna kijana anatafsiri sasa. Mzee anakula kwangu, anasema asante, basi. Hazungumzi."

"Maman, mimi ndiye niliyekata."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Nilikuwa nimekaa pale, Mwende. Mtu hajui sauti yake? Nilisikia mahali imekatwa, kila mahali."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema," alijibu. "Nilikuambia wewe."

Nilimweleza kwamba Dale anajua kila kitu sasa, kwamba atawaandikia kanisani barua rasmi, kwamba kipindi kitatolewa upya kikiwa kizima. Alichukua shuka kutoka mikononi mwangu akaliweka juu ya mengine.

"Dale hasali kwetu," alisema. "Mama Nyota hatasoma barua ya Dale. Kesho ibada ni saa tano. Uje useme."

Sikulala vizuri, lakini hilo halina umuhimu. Asubuhi nilikuwa na karatasi moja, na wakati wa matangazo mchungaji akasema kuna dada kutoka kazini kwa Maman Sifa ana neno. Nilisimama mbele, maikrofoni ikiwa chini ya kidevu changu, na nikaanza kuongea Kiingereza.

Sijui kwa nini. Kiswahili ndicho kilichokuwa kazi yangu. Karatasi yenyewe nilikuwa nimeiandika kwa Kiswahili. Nadhani kwa Kiingereza cha ofisini mtu anaweza kukiri kosa bila yeye mwenyewe kuwepo. Yule kijana mtafsiri alinifuata sentensi mbili, na ya tatu ikamshinda. Akasimama akitazama dari. Watu wakaanza kunong'ona. Mchungaji akaangalia kushoto na kulia.

Maman Sifa akainuka kutoka benchi la tatu. Alikuja akasimama kando yangu, akachukua maikrofoni ya kijana, akaniambia kwa sauti ya chini, "Endelea."

Niliendelea. Nilisema kwamba katika hatua za uhariri kulifanyika upunguzaji fulani wa mazungumzo, na kwamba upunguzaji huo uliathiri maana, na kwamba tunasikitika. Alitafsiri hivyo hivyo. Angeweza kuninyoosha, angeweza kuniumbua. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua kila neno jinsi lilivyokuwa na kuliweka mbele ya watu kwa Kiswahili, na nikayasikia maneno yangu kwa sauti yake, nikaona hayana mtu ndani.

Mzee Asukulu, mwisho wa benchi la mbele, akainua mkono.

"Sielewi," alisema. "Nani alipunguza?"

Maman Sifa alinigeukia, akanitafsiria swali hilo kwa Kiingereza, polepole, kama vile sikulisikia.

Nilikunja karatasi.

"Ni mimi, baba," nilisema kwa Kiswahili. "Maman alisema pole zote. Alimpa yule mjane pole ndefu. Aliniambia nisikate, nikamwahidi sitakata. Nikakata nikiwa peke yangu, kwa sababu niliogopa kuomba siku moja. Na mlipokasirika nikawaacha mumlaumu yeye. Nilijua mama amezikwa Oktoba. Nilijua utakuwepo."

Hakuna aliyesema amina. Mama Nyota, katikati ya ukumbi, aliinamisha kichwa na kumvuta binti yake karibu. Mzee hakunitazama mimi. Alimtazama mkwewe, kwa muda mrefu, na midomo yake ikasogea kidogo bila sauti.

Watoto waliokaa nyuma walikuwa wanaulizana kwa Kiingereza huyu dada amesema nini. Kijana mtafsiri hakujua kama ni zamu yake. Maman Sifa akawageukia, akawaeleza kwa Kiingereza chake kilichonyooka, tangu mwanzo: pole, ahadi, siku moja niliyoogopa kuomba, lawama, Oktoba. Hakuharakisha na hakuruka kitu. Alipomaliza aliirudisha maikrofoni kwa kijana, akatembea hadi benchi la mbele, na Mzee Asukulu akasogea kumpa nafasi.

Mimi nilibaki pale mbele. Hakuna aliyekuwa ameniambia niketi.